Rupia ya Vitovu

Watu wa nyumba yetu tuna vitovu vizuri. Nasema hivi bila aibu kwa sababu changu sikukitengeneza mwenyewe. Cha marehemu mama yangu, cha mjomba, changu, vya binamu zangu wote vimelala ndani kama inavyotakiwa, na kila mmoja wetu alipokuwa mchanga alifungwa tumboni rupia moja, ileile.

Ilikuwa rupia ya fedha ya zama za Mjerumani. Upande mmoja ilikuwa na mtu mwenye masharubu, kavaa kofia yenye ndege juu, na sisi watoto tulimwita Babu Kuku. Baba yake bibi aliipata kwa kibarua cha mkonge upande wa Korogwe, akaja nayo kijijini kwetu Mazingara kaifunga kwenye pindo la shuka, na badala ya kuitumia akampa mkewe aliyekuwa na mtoto mchanga. Mtoto huyo ndiye bibi yangu. Tangu hapo rupia haikununua kitu. Ilipita zama za Mwingereza, ikapita Uhuru, ikapita ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, imo tu ndani ya kibweta cha bibi, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga.

Kazi yake ilikuwa moja. Kitovu cha mtoto kikishadondoka na kidonda kikakauka, bibi alichota majivu jikoni, akakata ndimu, akaisugua rupia mpaka masharubu ya Babu Kuku yakang'aa. Akaisuuza, akaikausha, akaiweka juu ya kitovu na kuifunga kwa kitambaa laini cha kanga kuukuu. Mtoto aliivaa mpaka arobaini. Manesi wa kliniki walikuwa wakimkataza. Bibi alimsikiliza nesi kwa adabu zote, akamshukuru, halafu akarudi nyumbani kukata ndimu. Simshauri mtu kufanya hivyo leo, nasimulia tu tulivyokuwa.

Rupia hiyo ilikuwa na pengo ukingoni, na pengo lile ni la mjomba. Mjomba ndiye kitindamimba wa bibi. Alipokuwa mdogo aliiiba kibwetani akaenda kuichezea, ikapotea, na ikaja kuonekana mvua zilizofuata, jembe la bibi lilipoigonga nyuma ya nyumba. Mjomba alichapwa mara mbili, siku ya kupotea na siku ya kuonekana. Mimi mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, bibi akanilea, kwa hiyo mjomba na mimi tulikua kama kaka na dada, isipokuwa shikamoo yake nilikuwa nampa kila asubuhi na yeye alikuwa haniachii hata moja.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Aliyekuwa mkubwa wakati ule anakumbuka. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa ndoo, kandambili, chupa za chai, na kila kitu kimevalishwa nailoni. Mjomba akahamia Korogwe akaanza kuuza mitumba, leo gulio la Mkumbara, kesho Kabuku, na akajifunza lugha mpya ambayo neno lake kubwa lilikuwa thamani. Kila alichokiona alikiuliza thamani. Nilikuwa nimeshaolewa hukohuko Korogwe, napiga taipu ofisini, na akija kwangu alikuwa anaweza kukigeuza kigoda anachokalia na kuniuliza kinaweza kupata bei gani Arusha.

Hapo ndipo alipofahamiana na mzungu mmoja wa mradi wa visima, ambaye mapumziko yake yote yalikuwa kukusanya sarafu za zamani. Mjomba alimweleza habari za Babu Kuku. Yule bwana akasema kwao kuna wataalamu wanaopokea sarafu, wanaipima, wanaitolea cheti, wanaifungia ndani ya kikasha cha plastiki kisichofunguka, na ikishafungiwa hivyo mtu yeyote duniani anaiamini bila kuuliza. Akajitolea kuipeleka akienda likizo. Mjomba akamwendea bibi. Bibi hakuwa mtu wa kumnyima kitindamimba wake, ila alimpa sharti moja, irudi kabla mtoto mwingine hajazaliwa.

Yule mzungu alikuwa mkweli. Ilichukua karibu mwaka mzima, lakini rupia ilirudi. Mjomba alinijia ofisini ameishika kwa mikono miwili. Kikasha kilikuwa kigumu, cheupe kama maji, hakina bawaba wala parafujo, na katikati Babu Kuku kakaa wima, haendi kulia wala kushoto. Juu yake palikuwa na kikaratasi cha Kiingereza. Mjomba akaniomba nimsomee.

Lazima niseme ukweli kuhusu Kiingereza changu. Kwa miaka yote ya kazi kilikuwa kinapita vidoleni bila kupanda kichwani. Nilisoma jina la nchi, nikasoma mwaka, kisha nikafika kwenye neno moja nililolijua vizuri. Nikamwambia, wameandika imesafishwa. Mjomba akafurahi mpaka akakaa chini. Tukaelewa, wote wawili, kwamba wataalamu wa Ulaya wameipima rupia ya Mazingara na kuitolea cheti cha usafi. Kwa miezi kadhaa mjomba alitembea nayo kwenye mfuko wa koti. Pale stendi aliwaonyesha makondakta na wauza machungwa, akiweka kidole chini ya lile neno. "Soma hapo. Safi kabisa."

Ni mnunuzi mmoja wa Tanga aliyemtoa tongotongo. Alimwambia kwamba kwa watu wa sarafu neno lile ni kasoro, maana yake mtu ameisugua ikapoteza ngozi yake ya asili, na pengo la ukingoni nalo kasoro ya pili. Hata hivyo angeinunua, tena kwa pesa ya kutosha kulipia chumba cha duka, mradi kikasha kisiguswe. Ikitoka humo, alisema, inakuwa kipande cha fedha tu, nani atajua ilikotoka? Mjomba alirudi kwangu amenuna. Alisema majivu ya mama yake yametutia hasara. Lile la kuuza hakunieleza wakati ule, na mimi nilikuwa na tumbo la miezi minane, sikuwa na nafasi ya kuuliza mengi.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Kitovu kilipodondoka, mume wangu alikubali nikamalizie arobaini kwa bibi, na mjomba akanisindikiza na ile rupia yake mfukoni. Basi lilituacha barabarani baada ya Kabuku, tukamalizia kwa lori la mahindi, mtoto analala njia nzima, mjomba ananishika bega kila tulipokanyaga shimo.

Sasa, kitu ambacho mimi na mjomba hatukukipima vizuri ni macho ya bibi. Tulijua yanafifia, lakini ndani ya mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa ameyaziba yote mawili. Bibi alinipokea kwa kunipapasa uso, akampokea mtoto akamnusa kichwani, kwa utani akamwita "mume wangu", akaniambia, "Mke mwenza, umeniletea mume mzuri ila hana meno, tutaelewana." Tukacheka. Majivu yalikuwa tayari kwenye kifuu, na ndimu ishakatwa. Akanyoosha kiganja kwa mjomba.

Mjomba akaweka kile kikasha.

Bibi alikigeuza. Akapitisha kidole gumba kando zote nne. Akakinusa, akakigonga kwenye jino, akakitikisa karibu na sikio. Rupia haikutoa sauti, wataalamu walikuwa wameibana barabara.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mjomba akamweleza kwamba rupia imo ndani, imefungiwa ili isiharibike. Bibi akauliza mbona hailii. Nikaingilia, nikamwambia bibi, mimi naiona, Babu Kuku yumo na masharubu yake. Hakunikasirikia. Alinigeuzia uso kwa upole, na maneno yake sijayasahau.

"Wewe unaona. Hata kwenye picha ile ukutani unamwona mama yako. Yumo?"

Nilimpandisha mtoto begani nikampigapiga mgongo ingawa hakuwa analia.

Mjomba alijaribu. Alitoa mfukoni shilingi mpya, akasema basi afungwe na hii kwa sasa. Bibi akamrudishia. Akauliza swali moja tu, kama aliiuza. Mjomba akasema hapana. Bibi akasema, "Nimesikia." Kwa wasiomjua ningeeleza kwamba bibi akikufokea umesamehewa, lakini akisema nimesikia, ujue mlango umefungwa. Alimwaga majivu uani, na ile ndimu akaikamulia kwenye uji.

Asubuhi mjomba akarudi Korogwe na kikasha chake. Mimi nikabaki. Kila aliyepita kutoka huko alileta kifurushi kutoka kwake, sukari, sabuni, majani ya chai. Bibi alipokea, akashukuru, akaviweka juu ya kinu kikuukuu kilichokuwa pembeni, na hakufungua hata kimoja. Tulikunywa chai bila sukari wakati kilo tatu zinatutazama. Nilipomwambia bibi, sukari hiyo itaota sisimizi, alisema sisimizi nao wana haki yao.

Nataka nieleweke. Kitovu cha mwanangu hakikunitisha sana, kilikuwa kimetokeza kidogo tu, na nesi alishaniambia vingi hurudi vyenyewe. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni bibi. Alikuwa amekonda, pumzi zake fupi, na jioni alikuwa anakaa na kile kipande cha kanga kilichokuwa kikiviringisha rupia, anakikunja na kukikunjua. Niliogopa atakufa akiamini kwamba mwanawe wa mwisho, yule aliyemnyonyesha kwa muda mrefu kuliko wote, amemuuza. Maana ndivyo alivyoona. Vitovu vya watoto wake wote vilikuwa kwenye ile rupia.

Nikamwandikia mjomba barua. Sikumpa shikamoo, na hilo peke yake angejua lina uzito. Nikamwambia kikasha kile kimeifanya rupia iaminiwe na dunia nzima isipokuwa mama yake, na kama anaona hiyo ni biashara nzuri basi aendelee. Nikampa dereva wa lori. Baadaye nilijuta ukali wangu, lakini barua ilishaondoka, na kusema kweli sikujuta sana.

Alikuja zikiwa zimebaki siku mbili za arobaini. Alikuja saa nne asubuhi, amebeba mfuko wa rambo, na ndani yake mlikuwa na msumeno wa chuma, bisibisi na koleo, vyote vya kuazima kwa fundi baiskeli wa Korogwe. Akamwamkia mama yake, akakaa chini kwenye mkeka mbele yake. Nilimuuliza kwa nini hakukifungua hukohuko kwa fundi mwenye jiliwa ya kubania, angemaliza dakika mbili. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mjinga.

"Nikimletea rupia tupu, si atasema nimenunua nyingine?"

Akamwomba bibi aweke mkono wake juu ya kikasha. Bibi akaweka. Akaanza kukata.

Sijui kama umewahi kukata plastiki ya namna ile. Haipasuki kama sahani wala hailainiki kama ndoo. Mjomba alikuwa ameshajaribu maji ya moto huko kwake, akaniambia, na kisu, na hata kukibana kwenye mlango, kikamcheka. Sasa alikata ukingo mmoja polepole, msumeno unatoa chenga nyeupe kama za nazi, akageuza, akakata wa pili. Alikuwa haukandamizi msumeno, kwa sababu upande wa pili wa plastiki ile alikuwapo Babu Kuku, na mkwaruzo mmoja tu ungetosha. Jasho lilimdondoka. Bibi hakuondoa mkono. Kila msumeno uliposogea alisogeza vidole vyake kidogo, na nikaona anausikiliza kwa vidole kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto tumboni mwa mzazi enzi zake za ukunga.

Kwenye ukingo wa tatu msumeno uliteleza ukamkata mjomba kidole. Alinyonya damu akaendelea. Bibi aliisikia ile pumzi aliyoivuta, akauliza umeumia, akasema hapana, bibi akasema mwongo.

Akachomeka bisibisi kwenye ufa, akaikazia taratibu. Kikasha kililia mlio mkavu, kikaachana. Kile kikaratasi cha Kiingereza kikaanguka mkekani. Rupia ilibaki imeng'ang'ania kwenye kitanda chake cha plastiki, mjomba akakigeuza juu ya kiganja cha mama yake na kugonga kwa nyuma, mara moja, mara mbili, na ya tatu ikadondoka.

Bibi aliifumbata kwanza. Kisha akaitoa, akaipitisha kidole gumba ukingoni kuizunguka, taratibu, na pale kwenye pengo ukucha wake ukaingia na kusimama. Alirudia. Ukucha ukasimama palepale. Mimi nilikuwa nishaanza kulia zamani, sina haja ya kuficha.

"Jembe langu hili," akasema. Halafu akamtafuta mjomba kwa mkono mpaka akampata shavuni. "Mwanangu, nilikudhania umeniuzia."

Hapo mjomba angeweza kunyamaza, na mambo yote yangekuwa mazuri. Ningekuwa mimi ningenyamaza. Yeye akainamisha kichwa, damu inamtoka kidoleni, akasema, "Hukukosea sana, mama. Nilikuwa njiani." Akamweleza yote, mnunuzi wa Tanga, chumba cha duka, siku waliyokubaliana, ambayo ilikuwa imepita jana yake. Alimweleza bila kujitetea, na bila kutaja bei hata mara moja.

Nilisubiri lile neno lake. Nilijua akisema nimesikia, basi tumekata plastiki bure.

Badala yake akamfokea. Alimfokea kwa Kiswahili, akahamia Kizigua, akarudi Kiswahili, akamkumbusha alivyoiiba akiwa na jino moja pengo, akamwambia tangu siku ile hana alichojifunza isipokuwa kuvaa koti. Mjomba aliinama akipokea, na usoni mwake nikaona kitu ninachoweza kukiita raha. Bibi alipochoka, akaniagiza majivu na ndimu.

Wakati anasugua, akauliza lile karatasi lililoanguka limeandikwa nini. Mjomba akanitazama. Nikaliokota nikamwambia kwa ufupi kwamba wataalamu wa Ulaya waliipima rupia wakagundua imesafishwa.

Bibi akaendelea kusugua. "Si nimeisafisha mimi? Wangekuja kuniuliza."

Akaisuuza, akaikausha. Nikamlaza mwanangu mapajani kwake. Lakini bibi hakumfunga. Alimpa mjomba rupia na kitambaa, akasema macho yake hayaoni pa kufunga na yangu mimi yamejaa machozi, basi afunge yeye. Kwetu mwanamume hafungi kitovu. Mjomba alisita, akafuta kidole chake kwenye suruali, akaiweka rupia juu ya kitovu cha mwanangu, na kwa mikono ile iliyozoea kukaza marobota ya mitumba akafunga fundo ambalo mtoto hakulistukia. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki kufika arobaini, lakini bibi alisema rupia haihesabu siku.

Kisha akajinyoosha mgongo, akageukia upande wa kile kinu.

"Mke mwenza," akaniambia, "bandika chai. Tia sukari ya mwanangu."

Nilifungua mfuko wa kwanza. Sisimizi walikuwa wameshaingia. Niliwapepeta kadiri nilivyoweza, nikatia vijiko vitatu vitatu, na bibi alikunywa vikombe viwili.